Nani Husoma Hesabu za Ushuru? Kazi ya Vikundi vya Utafiti na Nafasi ya Mkazi wa Mtito Andei

Mchuuzi wa matunda kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa mjini Mtito Andei hulipa ushuru mara nyingi kwa siku kuliko anavyodhani. Asubuhi hulipa ada ya soko. Nauli ya pikipiki iliyomletea makreti imebeba ushuru wa mafuta. Salio analonunua kwenye simu limekatwa ushuru, na pesa anazomtumia mwenye shamba huko Thange au Masongaleni hukatwa pia. Kufikia jioni ameshachangia Serikali ya Kitaifa na Serikali ya Kaunti bila kujaza fomu yoyote.

Viwango hivi vyote vimeandikwa katika sheria, na sheria hizo hufanyiwa mabadiliko kila mwaka. Shida ni kwamba Mswada wa Fedha si rahisi kusoma. Mara nyingi husema tu: futa maneno haya katika kifungu fulani, weka maneno haya. Bila kuwa na sheria ya awali mkononi, msomaji hawezi kujua kama bei ya mkate itapanda au itabaki ilivyo.

Hapo ndipo vinapoingia vikundi vya utafiti wa ushuru na uchumi visivyo vya serikali na visivyofanya kazi ya kutafuta faida. Makala haya yanaeleza vikundi hivyo ni nini, vinafanya nini, na jinsi mkazi wa Kaunti ya Makueni anavyoweza kuvitumia anapojiandaa kutoa maoni kuhusu bajeti na ada za kaunti.

Ni akina nani

Nchini Kenya, kimojawapo cha vikundi vya muda mrefu ni Institute of Economic Affairs, kinachojulikana kwa kifupi kama IEA. Kilianzishwa mwaka 1994 na makao yake yako Nairobi. Kwa miaka mingi IEA imekuwa ikikusanya mapendekezo ya wananchi na makundi ya wafanyabiashara kabla ya bajeti ya kitaifa kusomwa, kuyaweka pamoja katika kile inachokiita bajeti mbadala ya wananchi, na kuyafikisha kwa Hazina ya Kitaifa.

Kikundi cha pili ni Bajeti Hub, ambacho awali kilijulikana kama International Budget Partnership Kenya. Hiki hutazama zaidi bajeti za kaunti. Mojawapo ya kazi zake ni kukagua kama stakabadhi za bajeti ambazo sheria inataka zitolewe kwa umma zimetolewa kweli, zimetolewa kwa wakati, na zina maelezo ya kutosha. Kila kaunti kati ya 47 hupewa alama kati ya 0 na 100.

Vipo vingine. Tax Justice Network Africa, iliyozinduliwa jijini Nairobi mwaka 2007, hutafiti jinsi mzigo wa ushuru unavyogawanywa na jinsi mapato yanavyovuja kutoka bara la Afrika. National Taxpayers Association hufuatilia miradi iliyojengwa kwa pesa za umma, na imewahi kuwapa wananchi kadi za kupima kama mradi uliolipiwa umekamilika.

Wakazi wasivichanganye vikundi hivi na taasisi za umma. KIPPRA ni taasisi ya serikali inayotafiti sera, na ina sheria yake ya mwaka 2006. Tume ya Ugavi wa Mapato hupendekeza jinsi pesa za kitaifa zitakavyogawanywa. Msimamizi wa Bajeti huidhinisha utoaji wa pesa na kuchapisha ripoti za matumizi ya kaunti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua zikishatumika. Taasisi hizi zina mamlaka ya kisheria. Kikundi kisicho cha serikali hakina mamlaka ya kumlazimisha mtu yeyote. Nguvu yake ni hesabu iliyo sahihi na maelezo yanayoeleweka.

Kutoka kifungu cha sheria hadi bei dukani

Kazi ya kwanza ya watafiti hawa ni kugeuza maneno ya sheria kuwa shilingi. Mfano mzuri ni ushuru wa VAT, ambao kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16.

Kisheria, bidhaa ziko katika makundi matatu. Kuna zinazotozwa kiwango cha kawaida. Kuna zinazotozwa kiwango cha sifuri: muuzaji hamtozi mnunuzi ushuru, na anaweza kudai kurudishiwa ushuru alioulipa alipokuwa akinunua vifaa vya kutengenezea bidhaa hiyo. Tena kuna zilizosamehewa: muuzaji hamtozi mnunuzi ushuru, lakini hawezi kudai alichokilipa yeye. Kwa hiyo hukiingiza ndani ya bei.

Kwa masikio ya wengi, “sifuri” na “kusamehewa” ni kitu kimoja. Kwa mfuko wa mnunuzi si kitu kimoja. Bidhaa ikihamishwa kutoka kiwango cha sifuri hadi kundi la zilizosamehewa, bei inaweza kupanda ingawa hakuna aliyetangaza ushuru mpya. Mabadiliko ya aina hii hupita kimya, na ndiyo watafiti hutafuta wanaposoma mswada.

Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza mkate wa kawaida utoke kiwango cha sifuri na kutozwa asilimia 16. Hesabu yake ni fupi. Mkate wa Sh65, kama ushuru wote ungebebwa na mnunuzi, ungeongezeka kwa Sh10.40. Familia inayonunua mkate mmoja kwa siku ingetumia zaidi ya Sh300 za ziada kwa mwezi. Pendekezo hilo liliondolewa tarehe 18 Juni 2024, hata kabla ya mswada wote kukataliwa. Lililoeleweka haraka zaidi na wananchi ni lile lililogeuzwa kuwa bei ya kitu wanachokijua.

Uamuzi wa Nairobi unavyofika Mtito Andei

Kazi ya pili ni kuonyesha upande wa pili wa hesabu: ushuru usipokusanywa, nani hukosa nini?

Kaunti hutegemea sana mgao kutoka kwa mapato ya kitaifa. Katiba, Kifungu cha 203, inasema kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Kiasi halisi hujadiliwa kila mwaka. Kisha hugawanywa kwa fomula inayopitiwa upya kila miaka mitano. Fomula ya tatu, iliyotumika hadi mwaka wa fedha wa 2024/25, ilitumia vipimo vinane. Vikubwa vilikuwa mgao wa msingi kwa asilimia 20, idadi ya watu kwa asilimia 18, afya kwa asilimia 17 na umaskini kwa asilimia 14.

Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Makueni kwa fomula hiyo ulikuwa takriban Sh8.1 bilioni. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 987,653 katika kaunti. Ukigawanya, ni karibu Sh8,200 kwa kila mkazi kwa mwaka mzima. Kiasi hicho kilipaswa kugharamia hospitali, zahanati, barabara za mashinani, maji, kilimo, shule za chekechea na mishahara ya wafanyakazi wa kaunti. Hesabu ya namna hii haihitaji shahada ya uchumi, lakini humsaidia mtu kuona kwa nini mradi mmoja huchaguliwa na mwingine husubiri.

Mwaka 2024 ulionyesha jinsi mambo haya yanavyofungamana. Kaunti zilikuwa zimetengewa Sh400.1 bilioni kwa mwaka wa fedha wa 2024/25. Baada ya maandamano, Rais alitangaza tarehe 26 Juni 2024 kwamba hatautia sahihi Mswada wa Fedha. Mapato yaliyotarajiwa kutokana na mswada huo hayakuwepo tena. Baada ya mvutano wa miezi kadhaa kati ya Seneti na Bunge la Kitaifa, mgao wa kaunti ulipunguzwa hadi Sh387.4 bilioni. Tofauti ni karibu Sh12.7 bilioni kwa kaunti zote 47.

Hesabu hiyo haisemi kama mswada ulikuwa mzuri au mbaya. Inasema kwamba kila chaguo lina gharama, na kwamba mkazi ana haki ya kuona pande zote mbili: kile kinachotoka mfukoni mwake, na kile kinachopungua katika zahanati yake.

Ushuru wa kaunti yenyewe

Kaunti nazo hukusanya mapato. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaziruhusu kutoza ada ya ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na ushuru mwingine wowote ulioidhinishwa na sheria ya Bunge. Pia zinaweza kutoza ada kwa huduma zinazotoa, kama vile leseni za biashara, soko na maegesho. Kwa mji kama Mtito Andei, ambako malori hulala, abiria hushuka kula na watalii hupitia kuelekea Tsavo, ada hizi hugusa karibu kila nyumba yenye biashara.

Kifungu hicho hicho kina mpaka ambao wengi hawaujui. Mamlaka ya kaunti ya kutoza ushuru hayapaswi kutumiwa kwa njia inayodhuru sera za kitaifa za uchumi, shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au usafirishaji wa bidhaa, huduma, mtaji na wafanyakazi nchini. Jambo hili lina maana kubwa kwa eneo hili. Ng'ambo ya Mto Athi ni Kitui. Ukifuata barabara kuu kuelekea Voi unaingia Taita Taveta. Mbuzi, ndengu na maembe huvuka mipaka hiyo. Ushuru wa mazao, ambao wengi huuita sesi, ukitozwa kila mpaka bila mpango, mzigo mmoja hulipiwa mara mbili au tatu kabla ya kufika sokoni.

Chukua mfano wa hesabu tu, usio viwango vya sheria yoyote. Mfanyabiashara hununua gunia la ndengu na kuliuza kwa faida ya Sh200 baada ya usafiri. Akitozwa Sh50 kwa gunia, ametoa robo ya faida yake. Akitozwa tena Sh50 mbele ya safari, ametoa nusu. Mara nyingi hatakubali kubeba hasara hiyo peke yake. Atapunguza bei anayompa mkulima. Kwa hiyo anayekabidhi pesa kizuizini ni dereva, lakini anayeubeba ushuru huenda akawa mama aliyelima ndengu zile. Swali la nani hasa hubeba ushuru ndilo swali la msingi katika utafiti wa aina hii.

Kuna swali jingine ambalo watafiti na Msimamizi wa Bajeti hulirudia kwa kaunti zote nchini: je, lengo la mapato ya ndani ni la kweli? Kaunti ikiandika kwamba itakusanya kiasi fulani, miradi hupangwa kwa kiasi hicho. Makusanyo yakipungua, miradi ya mwisho kwenye orodha hukosa pesa, na wanakandarasi waliokwisha kufanya kazi hubaki wakidai. Ndiyo maana lengo la mapato linastahili kuulizwa maswali sawa na orodha ya miradi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bajeti ni daftari la kaunti, na anayelifungua ndiye anayejua.

Kile ambacho mtafiti hajui

Vikundi hivi vina mipaka. Mtafiti aliye Nairobi anaweza kusoma Mswada wa Fedha wa Kaunti na kusema ada fulani imepanda kwa asilimia kadhaa. Hajui kwamba mchuuzi wa kando ya barabara huuza vizuri msimu wa maembe na huuza kidogo miezi mingine. Hajui ni soko gani lenye choo na maji na lipi hutozwa ada bila huduma. Hajui kwamba mkulima fulani alipoteza mahindi yote kwa ndovu na hana cha kupeleka sokoni mwaka huu.

Hayo yanajulikana na wakazi. Ripoti ya utafiti humpa mkazi kipimo, naye mkazi huipa ripoti uhai kwa ushahidi wa mahali. Katika kikao cha wadi, mtu anayesema “ada ni kubwa mno” husikilizwa. Mtu anayesema “ada hii ni Sh30 kwa siku, kwa siku 26 ni Sh780 kwa mwezi, na soko letu halijawa na maji tangu Januari” hujibiwa.

Kusoma ripoti kwa tahadhari

Kikundi kuitwa huru hakumaanishi kwamba hakina mtazamo. Wengine huamini ushuru mdogo hukuza biashara. Wengine huamini serikali ikikusanya zaidi kwa wenye nacho itahudumia maskini vizuri. Kabla ya kunukuu ripoti yoyote, mkazi aulize maswali manne:

1. Nani alifadhili utafiti huu, na je, imeandikwa wazi?
2. Takwimu zimetoka wapi na ni za mwaka gani?
3. Je, ripoti inaeleza ilivyofanya hesabu, ili mtu mwingine aweze kuirudia?
4. Je, inazungumzia nchi nzima au kaunti hii? Wastani wa kitaifa unaweza kuficha hali ya Mtito Andei.

Maswali haya haya yanafaa kuulizwa kuhusu stakabadhi za Serikali ya Kaunti.

Tarehe za kuweka akilini

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka kalenda inayofanana kila mwaka:

• 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti. Hapa ndipo miradi huanza kuingia au kuachwa.
• 30 Septemba: Taarifa ya mapitio ya bajeti huandaliwa. Huonyesha kilichokusanywa na kilichotumika mwaka uliopita.
• 28 Februari: Taarifa ya mikakati ya kifedha hufikishwa bungeni. Huweka kiwango cha juu cha pesa kwa kila idara.
• 30 Aprili: Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni.
• 30 Juni: Bajeti hupitishwa, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai.
• Ndani ya siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi: Bunge la Kaunti hujadili na kupitisha Mswada wa Fedha wa Kaunti, wenye ada na ushuru wa mwaka huo.

Wakazi wengi huja kwenye mikutano ya bajeti na kukosa ile ya Mswada wa Fedha. Anayejali ada ya soko au leseni ya biashara asiikose hiyo ya mwisho.

Jinsi ya kushiriki

Makueni imejenga ngazi za mikutano zinazoanzia kijijini, kupitia wadi na kaunti ndogo, hadi kongamano la kaunti. Mkazi aanze na mkutano ulio karibu naye, kwa kuwa hoja ambayo haikutajwa kijijini ni vigumu kuiingiza juu.

Anayetaka stakabadhi ana haki kwa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na afisa husika anapaswa kulijibu ndani ya siku 21. Asipojibiwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Vilevile, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti.

Vyama vya wafanyabiashara, wazee, wanawake, watu wenye ulemavu na makundi ya kidini vina nafasi katika Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, lililowekwa na Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma. Kikundi kisichoweza kuhudhuria kinaweza kumpa mwakilishi wake memoranda fupi ya ukurasa mmoja yenye mambo matatu: ada inayozungumziwa na kiasi chake, inavyoathiri biashara au familia, na pendekezo badala yake.

Kabla ya mkutano ujao wa Mswada wa Fedha, mchuuzi wa Mtito Andei anaweza kufanya jambo moja dogo: kuandika kwenye daftari, kwa mwezi mmoja, kila shilingi aliyolipa kama ada na stakabadhi aliyopewa. Akija na daftari hilo mkutanini, atakuwa amefanya utafiti ambao hakuna ofisi ya Nairobi ingeweza kumfanyia.